Siku Tuliyolishana Amsterdam

Njeri wa Oakdale ndiye aliyeanza. Nilipopata mtandao Iringa nilikuta ujumbe wake juu ya jumbe zote: "Wee, si tumeskia mzee ameenda? Na status yako uko kwa boti una-smile na miwani ya jua? Explain, bana." Wengine mliuliza kwa upole zaidi. Wengine hamkuuliza kabisa, na hao ndio walionitisha.

Nilirudi Blaine, huku Minnesota, juma lililopita. Mmekuja na masufuria ya pilau na chupa za chai, mmekaa na mmeimba, na karibu kila aliyeaga alisimama kidogo mlangoni kama mtu aliyesahau kitu. Najua mlichotaka kuuliza. Nitaeleza mara moja kwa wote, kwa mpangilio, kama nilivyozoea nilipokuwa ripota wa redio kule Iringa kabla maabara za Minnesota hazijanichukua: wapi, saa ngapi, nani alisema nini. Mambo ya tiketi na viza nayaruka.

Ndiyo, picha zile ni za siku mbili baada ya Baba kufariki. Na ndiyo, nilikuwa najua.

Maegesho ya hospitali

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nilikuwa nimetoka shifti, niko ndani ya gari, mkanda sijafunga. Shangazi Tulia, dada yake Baba, akapiga. Shangazi huanza na salamu ndefu: watoto, kazi, theluji, hata ikiwa Juni. Siku hiyo hakuuliza theluji.

"Umekaa?"

"Nimekaa, Shangazi. Niko ndani ya gari."

"Unaendesha?"

"Hapana, sijaliwasha."

"Haya. Baba yako hali yake si nzuri. Njoo. Na upitie kwa Yohana, uje naye. Ila usimwambie kwa simu."

"Nisimwambie nini, Shangazi?"

Nyuma yake nilisikia sauti za wanawake wengi na viti vya plastiki vikiburutwa sakafuni. Baba alikuwa mgonjwa tangu Pasaka, na kwa miezi yote hiyo nyumba ile haikuwahi kuhitaji viti vingi namna ile.

"Umlishe kwanza," Shangazi akasema. "Asisikie akiwa na njaa, wala asisikie akiwa peke yake. Umenielewa?"

"Nimekuelewa."

Ndivyo nilivyojua. Wanetu mliozaliwa huku mtashangaa, kwa kuwa hakuna aliyetamka neno lolote. Kwetu habari kama hiyo haipitishwi kwenye simu kwenda kwa mtoto aliye ugenini. Hutafutwa mtu wa kumfikia, akakaa naye, akala naye, ndipo aambiwe. Mtu huyo sasa nilikuwa mimi, na wa kufikiwa alikuwa mdogo wangu Yohana, fundi wa lifti Amsterdam kwa mwaka wa kumi na moja, ambaye tangu aondoke alikuwa hajakanyaga nyumbani.

Nina sababu ya kumwogopea Yohana. Bibi yetu alipofariki, Yohana alikuwa darasa la nne. Jirani mmoja alimtamkia barabarani akitoka shule, mkoba begani. Mtoto akatupa mkoba, akakimbia, akaingia kwenye mashamba ya mahindi. Tulimpata kesho yake, hana viatu, hasemi. Alikaa karibu mwezi bila kusema. Baba alituambia wakati ule: huyu asiambiwe kitu tena bila mtu wa kumshika.

Ndege yangu ingefika Amsterdam asubuhi ya Jumatano, na ile ya kwenda Dar ingeondoka usiku. Nilikuwa na siku moja ya kumlisha, kumwambia, na kumpandisha ndege akiwa na akili zake.

Blaine hadi uwanja wa ndege

Mama Baraka wa Champlin alinipeleka. Kati yenu ndiye pekee niliyemwambia, na naona alinyamaza kweli, kwa hiyo msimlaumu. Tulipofika karibu na uwanja akaniuliza, "Utamwambia peke yako?"

"Nani mwingine yuko kule?"

"Kuna Mama Aika. Nilisoma naye Moshi. Amefanya kazi miaka mingi Amsterdam, anatunza wazee. Huyo mwombe awepo. Jambo hili linataka mtu mzima."

Akanipa namba. Nikampigia Mama Aika nikiwa bado kwenye kiti cha gari, nikajieleza kwa kifupi: mdogo wangu hajui, nataka mtu mzima awepo nikimwambia. Nikamtajia jina la mgahawa, maana Yohana alishaniandikia kwamba amepanga siku nzima ya kunitembeza na mwisho wake ni chakula cha jioni mahali pazuri. Mama Aika alikaa kimya muda mrefu kuliko nilivyotarajia kwa mtu anayeombwa kuja kula.

"Mdogo wako ndiye Yohana fundi lifti?" akauliza.

"Ndiye. Mnafahamiana?"

"Tunasali pamoja. Na mgahawa huo naujua. Saa kumi na mbili nitakuwepo. Hakikisheni mmekula."

Alisema *hakikisheni*. Nilidhani ni heshima tu.

Treni ya kuingia mjini

Yohana alinipokea akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, begi mgongoni, na viatu vyeusi vya ngozi vilivyong'arishwa. Kwenye daftari langu niliandika: *amevaa vizuri kwa ajili yangu*. Aliniinua juu kama gunia, akaniweka chini, akanitazama usoni kwa makini sana.

"Dada. Umelala?"

"Kidogo."

"Umekula kwenye ndege?"

"Waligawa kitu fulani."

"Kitu gani? Ulimaliza?"

Nikaona mtoto huyu amekuwa kama mama yangu. Nikamwuliza yeye amekula nini. Akasema kahawa. Nikamwambia kahawa si chakula. Akaniambia basi twende tukale wote.

Treni ilichelewa. Tukasimama jukwaani dakika arobaini pamoja na watu wengine wengi waliokuwa kimya kabisa, kimya ambacho sijakiona hata Minnesota. Nilitoa simu nipitie ujumbe. Kundi la ukoo wetu huanza salamu saa kumi na moja alfajiri kila siku, picha za maua na baraka za asubuhi. Lilikuwa halina kitu tangu Jumatatu. Nikaelewa: wamenyamaza kwa sababu ya Yohana.

"Lete simu hiyo," Yohana akasema. "Betri yako inaisha. Nina chaja humu kwenye begi."

"Ina nusu."

"Nusu ya wapi? Lete. Nikitaka kukupiga picha nitaitoa."

Nikampa, na moyoni nikafurahi, kwa kuwa nilikuwa natafuta njia ya kumnyang'anya ya kwake. Tulipokaa ndani ya treni nikamwomba anionyeshe ramani ya mji. Akanipa simu yake. Nikaangalia ramani kidogo, nikaitumbukiza kwenye mkoba wangu na kufunga zipu. Hakuidai. Nikajisifu kimoyomoyo.

Samaki wa asubuhi

Kituo kikuu tuliacha sanduku langu kwenye makabati ya kukodi. Nilimwona Yohana akichungulia kabati la pembeni ya letu, akaligusa mlango kama mtu anayehakikisha limefungwa. Niliandika na hilo pia, sikujua kwa nini.

Nje nilishtuka. Nilidhani nimejiandaa kwa magari, na magari hayakuwepo. Zilikuwepo baiskeli mamia kwa mamia, zikija kutoka kila upande bila kelele. Mama mmoja alikuwa amebeba watoto watatu na mbwa kwenye sanduku la mbele, anazungumza kwenye simu. Mzee wa miaka themanini hivi alinipita sikioni nikasikia upepo wake. Yohana alinishika mkono juu ya kiwiko, akanivusha barabara kama kipofu, na hakuuachia mkono huo siku nzima.

Kibanda cha kwanza aliponisimamisha wanauza samaki. Nikauliza wanakaanga wapi. Hawakaangi. Wanamtoa samaki kwenye barafu, wanampasua, wanamwagia vitunguu vilivyokatwa, unamla. Mbichi! Bendera kidogo ya karatasi imechomekwa mgongoni.

"Yohana, minyoo ya samaki kama huyu naiona maabara. Nikila naweza kukutajia ninachokula."

"Amekaa kwenye chumvi, Dada. Kula, upate nguvu."

"Nguvu ya kufanya nini?"

Akatazama pembeni. "Ya kutembea."

Mzee mmoja mwenye kofia alituona tukivutana. Akachukua wa kwake, akamshika mkia, akainamisha kichwa nyuma na kumshusha mdomoni kama mwanasarakasi, akanipigia saluti. Basi, mbele ya ushahidi huo nikala. Samaki alikuwa laini kama siagi na alikuwa na ladha ya bahari na uzee. Nikamaliza. Nikamwambia Yohana, "Sasa na wewe." Akamaliza wawili. Kwenye daftari: *saa nne na robo, amekula*. Nilihisi nimeanza kazi vizuri.

Nusura nimwambie pale pale. Lakini pembeni yetu kulikuwa na mfereji mpana na nyuma yetu mtaa wazi mrefu. Nikaona mahindi yale ya darasa la nne, nikaahirisha.

Boti

Boti niliichagua mimi. Ile ya vioo, inayozunguka mifereji. Hesabu yangu ilikuwa kwamba ndani ya boti mtu hana pa kukimbilia.

Mji ni mzuri, sitasema uongo. Nyumba nyembamba zimebanana, nyingine zimeinama mbele kana kwamba zinasikiliza wapita njia. Kila moja ina ndoano juu ya paa. Yohana alinieleza kuwa ngazi za ndani ni finyu mno, vitu vikubwa huvutwa kwa kamba na kuingizwa dirishani.

"Hata leo?"

"Hata leo. Ndiyo maana mimi nina kazi."

Kwenye mfereji wa tatu tukakwama. Boti moja mbele yetu ilikuwa imeingia mshazari chini ya daraja, ikagoma. Nahodha wetu akazima injini. Tulikuwa nusu kwenye kivuli, maji yametulia, watu wameshusha sauti. Tumbo la Yohana lilikuwa na samaki wawili na maandazi ya asali. Nikasema: ni sasa.

"Yohana," nikaanza. "Kuna jambo."

"Dada," naye akasema, saa ile ile. "Ngoja kidogo, nilitaka…"

"Sema wewe," nikamwambia.

"Hapana, anza wewe, ndiye mkubwa."

Kwenye kiti cha mbele yetu akageuka mwanamume mwenye uso mwekundu na fulana ya zambarau. "Samahani," akasema kwa Kiingereza, "nimeona lebo ya ndege kwenye mkoba wako. Mmetoka Minneapolis? Sisi ni wa Bloomington!"

Jamani. Nimevuka bahari nzima nikakwame chini ya daraja na mtu wa Bloomington. Alitueleza juu ya nyumba yake ya ziwani, boti yake, samaki aliyemvua na aliyemkosa. Mke wake alitaka kujua tunaishi wapi, nikasema Blaine, akasema dada yake yuko Blaine, akataja mtaa, ni mtaa wa tatu kutoka kwangu. Mumewe akaomba atupige picha. Yohana akatoa simu yangu kwenye begi, akampa. "Tabasamuni!" Yohana akanipa miwani yake ya jua. "Vaa, Dada. Jua kali."

Ndipo zilipopigwa picha mlizoziona. Ni tatu. Yohana alizipandisha kwenye status yangu yeye mwenyewe, palepale, akicheka. "Watu wa Minnesota waone unavyokula maisha." Kisha akairudisha simu kwenye begi, akavuta zipu, na kicheko kikaisha kama taa iliyozimwa. Niliona kikiisha. Niliandika kwenye daftari: *amechoka?*

Alama ya kuuliza ninayo mpaka leo.

Chapati kubwa kama sinia

Saa nane tukaingia nyumba ya chapati. Wao huita hivyo, lakini ni kitu kimoja kinachofunika sahani yote na kuning'inia pembeni, kimewekewa jibini na nyama ya nguruwe, halafu juu wanamwaga shira nzito nyeusi. Nilidhani mwenye jiko amechanganya meza mbili. Dada aliyetuhudumia akasema hapana, ndivyo ilivyo.

"Kula, Yohana."

"Nakula. Wewe hujagusa."

"Nitakula ukimaliza."

"Na mimi nitamaliza ukianza."

"Yohana, mimi ni dada yako. Kula!"

"Dada, nakuomba kwa heshima zote, kula hiyo chapati!"

Tulikuwa tumepandisha sauti. Mhudumu akaja na kuuliza kama kuna tatizo na chakula. Tukamwambia kwa pamoja hapana, ni kizuri sana. Akatutazama kila mmoja akimsogezea mwenzake sahani, akarudi nyuma taratibu.

Nilikula mpaka nikashindwa kuinama. Niliona na yeye anateseka. Tulipotoka alikuwa anachechemea. Viatu vile vyeusi vilikuwa vimemchubua kisigino, damu imetoka kwenye soksi.

"Kwa nini umevaa viatu vya harusi siku ya kutembea?"

"Ndivyo nilivyokuwa navyo karibu," akasema.

Tukakaa kwenye benchi la bustani, kila mmoja ameshika tumbo. Nikamkagua mdogo wangu kwa pembe ya jicho. Mvi mbili kando ya masikio. Mikono ya fundi, vidole vimejaa makovu madogo. Akasema ghafla, bila kunitazama, "Unakumbuka Baba alivyotengeneza redio ya shule?"

"Nakumbuka."

"Alifungua skrubu zote, akazipanga kwenye sahani ya chai kwa mzunguko, ili ajue ya kwanza na ya mwisho. Mimi mpaka leo nikifungua lifti ninazipanga hivyo hivyo. Wenzangu wananicheka."

Alisema *alivyotengeneza*, wakati uliopita. Kila mtu husema hivyo juu ya jambo la zamani. Nikamwuliza kama ana njaa. Akanitazama kana kwamba nimepatwa na wazimu. Kisha akasema, "Kidogo. Wewe?"

Mezani

Mgahawa ulikuwa wa wali. Hilo nalo lilinishtua, maana nilitarajia viazi: wali mweupe katikati na vibakuli vidogo kuuzunguka, nyama ya nazi, karanga, mayai kwenye pilipili, maharage mabichi, ndizi za kukaanga. Nilihisi machozi yananijia na nikasingizia pilipili. Nje jua la Juni lilikuwa bado liko juu kama saa tisa alasiri.

Nilimsikia Yohana akimnong'oneza mhudumu, kijana mrefu mwenye aproni, kwamba jioni hii ni muhimu sana kwa dada yake, amhudumie vizuri kuliko wote. Kijana akatabasamu, akaenda zake.

Saa kumi na mbili kamili mlango ukafunguliwa. Akaingia mwanamke mnene wa miaka sitini na kitu, kitenge cha bluu, kilemba, viatu vya raba. Nikasimama nikiwa nimeandaa uso wa mshangao.

"Mama Aika! Karibu!" nikasema.

"Mama Aika! Karibu!" akasema Yohana, naye amesimama, na uso wake ulikuwa na mshangao ule ule niliouandaa mimi.

Mama Aika alitupita, akavuta kiti cha tatu, akakihamisha na kukiweka upande wa mlango, akakaa. Akajipakulia wali. Akala taratibu, akamaliza, akajifuta mdomo. Sisi tumesimama tu.

"Kaeni. Mmekula?"

"Tumekula, Mama."

"Kweli kweli?"

"Mama, tumekula tangu saa nne asubuhi," Yohana akasema.

"Vizuri. Maana mmenipigia simu wote wawili. Wewe Yohana, Jumatatu usiku. Wewe Eliza, Jumanne. Kila mmoja ananiambia, Mama, mwenzangu hajui, njoo unisaidie kumwambia, na tafadhali usimdokeze. Nimewaahidi wote. Tangu jana mimi nimebeba ahadi mbili kama ndoo mbili."

Nikamgeukia Yohana. Amenigeukia.

"Ulikuwa unajua?"

"Wewe ulikuwa unajua?"

"Tangu lini?"

"Tangu Baba Mdogo aliponipigia. Kasema, dada yako anapita hapo, mlishe vizuri, usimwache peke yake. Nikajua."

"Viatu!" nikasema.

"Ndiyo, vya mazishi. Na suti iko stesheni, kabati la pembeni ya lako. Tiketi ninayo, ndege moja na wewe."

"Ulinilisha samaki mbichi!"

"Na wewe ulinimalizisha chapati nzima! Dada, mimi sikuwa napumua!"

Tukacheka. Ninaandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Tulicheka mpaka vibakuli vikatikisika, watu wa meza nyingine wakageuka, wengine wakaanza kucheka nasi bila kujua wanacheka nini.

"Kwa nini Baba Mdogo aliniogopea mimi?" nikauliza. "Wewe ndiye wa mahindi."

"Mimi wa mahindi, lakini wewe ndiye uliyeanguka ukumbini siku ile ile uliposikia habari ya Bibi, ukapasuka paji la uso. Kovu hilo hapo. Umesahau?"

Nilikuwa nimesahau. Naliona kila siku kwenye kioo, na nilikuwa nimesahau lilipotoka.

Mama Aika alitusubiri. Tulipoishiwa pumzi akauliza, kwa sauti ya kawaida tu, "Eliza, Shangazi alikwambia nini hasa? Neno kwa neno."

"Kwamba hali yake si nzuri."

"Na wewe Yohana?"

"Kwamba nimlishe Dada."

"Kwa hiyo mnajua. Lakini hakuna aliyewaambia."

Hapo ndipo niliposhikwa na baridi. Redioni tulifundishwa kwamba taarifa ya msiba haisomwi mpaka mtu wa familia athibitishe kwa kinywa chake. Mpaka hapo ni uvumi. Na nikagundua kwamba siku nzima, chini ya samaki na boti na chapati, kuna kona ndani yangu ilikuwa imeuacha mlango wazi. Huenda viti vile vilikuwa vya jambo lingine. Huenda nilisikia vibaya. Nilimtazama Yohana nikaona na yeye mlango wake uko wazi.

"Mchana nimempigia baba yenu mdogo," Mama Aika akasema. "Nimemwomba maneno yake, nisiseme ya kwangu." Akanyoosha mikono juu ya vibakuli, akatushika, mmoja huku na mmoja huku. "Wanangu. Baba yenu, Mwalimu Elia, amefariki. Ni Jumatatu alfajiri, kitandani kwake. Shangazi yenu alikuwa amemshika mkono. Aliwataja nyote wawili kwa majina. Poleni sana, wanangu."

Nilijua tangu maegesho ya hospitali. Nilijua juu ya bahari nzima. Na bado neno lile lilinipiga kama sijawahi kulisikia. Mlio ulitoka mahali fulani, nikadhani ni wa mtu mwingine. Yohana aliinuka, kiti kikaanguka, akageukia mlangoni, macho hayaoni. Nilimdaka shati kwa mikono yote miwili. Na njiani kwake, kwenye kile kiti cha upande wa mlango, alikuwa amekaa Mama Aika na upana wake wote. Hakuinuka. Alifungua mikono tu, na Yohana akamwangukia.

Taa zikapungua. Jikoni wakatoka wahudumu wanne wakiimba. Mbele ni yule kijana mrefu, amebeba keki yenye fataki inayotoa cheche, uso wake umejaa furaha. Aliambiwa ni jioni muhimu sana kwa dada. Alifanya kama alivyoelewa.

Alifika nusu ya njia akatuona. Sauti zikakatika moja baada ya nyingine. Mama Aika akamwambia maneno machache kwa Kidachi. Kijana akaiweka keki kwenye meza tupu, akaing'oa ile fataki, na kwa kuwa hakujua namna ya kuizima, akaificha nyuma ya mgongo wake. Akasimama hivyo mbele yetu, kichwa ameinamisha, cheche zikimwangukia visiginoni, mpaka ikaisha yenyewe.

Kisha akaleta chai, bila kuagizwa. Keki akatufungia kwenye boksi. Tuliila ndani ya ndege.

Iringa

Ya Iringa nitawasimulia uso kwa uso, ni marefu. Nitasema moja tu. Tulipoingia uani, Shangazi Tulia na Baba Mdogo walikuja wote wawili, kila mmoja akamkimbilia yule aliyemwogopea, na katikati ya uwanja wakakutana na kuanza kulaumiana, "Mimi nilimwagiza Eliza!" "Mimi nilimwagiza Yohana!" Halafu Shangazi akatushika mashavu, akatukagua, akauliza swali lake la kwanza.

"Mlikula?"

"Tulikula, Shangazi."

"Mungu ni mwema," akasema, ndipo akaanza kulia.

Blaine tena

Sasa, kuhusu picha. Bado ziko kwenye simu yangu, na aliyezihifadhi anaweza kuzifungua tena. Nimezitazama jioni nyingi hapa jikoni, kama nilivyokuwa natazama kazi yangu kabla haijasomwa hewani. Nyumba zinaonekana, zimeinama. Daraja linaonekana. Meno yangu yote yanaonekana, Njeri, hilo sikatai.

Lakini tazameni chini ya ile miwani, pembeni, na mtazameni na Yohana. Mzee wa Bloomington alisema tabasamuni, tukatabasamu. Hata hivyo, katika zote tatu hakuna anayetazama kamera. Mimi namtazama yeye kuona kama anaweza kustahimili, na yeye ananitazama mimi.